Usimnase kwa Upendo Wake



Kila mvua ndefu zikishika, na tena zile fupi za mwisho wa mwaka, simu zetu hujaa picha za ndege. Washirika wametembea Naivasha, wengine Kisumu, wengine wamesimama tu kando ya bwawa. Na picha inayopendwa kuliko zote ni ile ya ndege anayelinda makinda yake. Mabawa yamefunguka, mdomo uko wazi, shingo imenyooka. Chini yake mtu anaandika "upendo wa mama" na watu wanaweka mioyo mpaka unachoka kuhesabu.

Mimi pia huzipenda hizo picha. Lakini kuna swali ambalo halisemwi pale kwenye kikundi, na leo nataka tulitafune polepole. Huyo ndege alifungua mabawa kwa sababu gani, na alikuwa anamfungulia nani? Kwa maana ukiitazama hiyo picha vizuri, utaona ndege anaangalia kamera.

Tuanze na ndege mwenyewe. Ukitembea ukingoni mwa Ziwa Naivasha, au kando ya mabwawa ya Mbuga ya Nairobi, utakutana na ndege mweusi, mweupe na kijivu, mwenye miguu mirefu. Waingereza walimpa jina la mhunzi, kwa sababu mlio wake ni kama nyundo ndogo inayogonga chuma. Hajengi nyumba ya maana. Anakwaruza kishimo ardhini, anaweka vijiti na nyasi kavu kidogo, anataga mayai yenye madoa ambayo unaweza kuyakanyaga kabla hujayaona. Uzito wake haufiki robo kilo. Lakini nyati akija akila majani kuelekea kiotani, huyu mdogo hakimbii. Anasimama, anafungua mabawa na kupiga kelele mpaka yule mnyama anapinda njia. Akija mtu, habari ni nyingine: anaruka juu na kushuka kwa kasi kuelekea kichwa chako, anapita, anageuka, anarudi tena.

Ana binamu zake wadogo zaidi, wanaokimbia mchangani kando ya maziwa yetu kama Nakuru na Magadi. Mmoja wao, akiona hatari inakaribia, hulifukia yai lake kwa mchanga kwa miguu, sekunde chache tu, halafu anaondoka kama mtu asiye na habari. Na wengi wa jamii hiyo wana ujanja ambao pengine umewahi kuusikia: ndege anaanguka chini, anaburura bawa moja kama limevunjika, analia, anajikokota mbali na kiota. Mbweha anaona chakula cha bure. Anamfuata. Wakifika mbali ya kutosha, bawa linapona ghafla na ndege anaruka zake.

Sasa, ni upendo? Hapa watu wa kanisani na watu wa sayansi huwa tunapishana mlangoni. Sisi husema ndiyo, haraka sana. Wao husema ni silika, haraka vilevile. Na wako wengine wanaosema ni hesabu. Mwaka 1972 mtaalamu wa Marekani, Robert Trivers, aliandika juu ya kile alichokiita uwekezaji wa mzazi: chochote ambacho mzazi anatumia kwa mtoto huyu, kinachomwongezea huyu nafasi ya kuishi, na kinachompunguzia mzazi uwezo wa kuwatumia watoto wengine. Mimi nilisomea biashara, kwa hiyo nikisoma hivyo najihisi nimerudi darasani. Mtaji, hatari, gharama ya fursa uliyoiacha. Na ushahidi uko: ndege wengi hujihatarisha zaidi kadiri mayai yanavyokaribia kuanguliwa. Mayai ya juzi anaweza kuyaacha akataga mengine. Makinda ya kesho asubuhi, hapana, maana amekwisha kuweka mengi na msimu unaisha.

Kuna mtu akisikia hivyo anavunjika moyo. Kumbe ni hesabu tu! Lakini ngoja. Mama mmoja wa soko akiniambia kwamba mtoto wa kidato cha nne hawezi kutolewa shule sasa kwa sababu wametoka mbali naye, je, nimwambie hana upendo, ana hesabu? Upendo una hesabu ndani yake. Ukikaa na mzazi yeyote mwisho wa mwezi utaisikia.

Tena mimi sitaki tumfanye ndege mtakatifu. Mnamjua mwari, yule wa Zaburi ya 102. Zamani sana Wakristo wa Ulaya walisimulia kwamba mwari hujichoma kifua kwa mdomo na kuwalisha makinda damu yake, na wakamchora makanisani kuwa mfano wa Kristo. Ni picha tamu, lakini si kweli, mwari hafanyi hivyo. Mwari mweupe wetu hutaga mayai 2 kwa kawaida, na mara nyingi kinda mmoja tu ndiye hukua. Mkubwa humdonoa mdogo na kumnyang'anya chakula, na mzazi haingilii. Anachofanya mwari hasa ni kitu kisicho na mchoro wa kanisani. Pale Elmenteita, moja ya maziwa 3 yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, wao huatamia kwenye visiwa vya mawe, katikati ya maji ya chumvi yasiyo na samaki wa kuwatosha. Kwa hiyo mzazi anaruka makumi ya kilomita hadi maziwa mengine, anajaza tumbo, anarudi na kuwatapikia watoto. Kesho tena. Keshokutwa tena. Kama mzazi wa Githurai anayeshuka mjini na matatu ya saa kumi na moja alfajiri. Nani amewahi kumpiga picha huyo?

Basi kama ndege anahesabu, na kama anamwacha mdogo afe, tunasemaje juu ya upendo wake? Jibu langu ni kwamba sijali sana tutampa jina gani. Kitu kimoja hakibadiliki, tuite upendo, silika au uwekezaji: ndege amelipa. Ametoa nguvu, ametoa muda, ameweka mwili wake kati ya hatari na kiota. Mtoto mchanga akilia hajui neno njaa, lakini njaa anayo. Na mtu akiniambia kwamba gharama ya ndege si gharama kwa sababu ndege hajui anatoa, nitamkumbusha utafiti mmoja.

Mwanamke mmoja mtafiti, Carolyn Ristau, alichunguza ndege wa jamii hii ya mchangani kwenye fukwe za mashariki ya Marekani, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1991. Alitaka kujua kama huo ujanja wa bawa ni mashine inayojiwasha yenyewe. Aliwapitisha watu karibu na viota, wengine wakiangalia upande wa kiota, wengine wakiangalia bahari. Ndege waliokuwa wakiatamia walishtuka zaidi kwa yule anayeangalia upande wa kiota. Na mtu aliyewahi kusogelea kiota kwa hatari hapo awali, walimpokea tofauti na yule aliyepita zake tu. Yaani ndege anasoma jicho lako linakwenda wapi, na anakumbuka tabia yako.

Sasa fikiria kamera. Lenzi kubwa ni nini machoni pa ndege kama huyo, kama si jicho kubwa lililokodolewa kiotani, lisilopepesa?

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Ile picha tunayoiita upendo wa mama mara nyingi ni picha ya hofu, na kitu kinachoogopwa ni sisi. Mpiga picha amesogea mpaka ndege akaacha kazi yake akaja kupigana naye, halafu tunalipongeza lile pigano. Bawa lililovunjika kwa uongo ni ombi. Ndege anasema, nifuate mimi, uache wale. Na mpiga picha anaitikia, anamfuata kweli, anapiga picha 30 za bawa, huku akifurahi kwamba amepata bahati. Haikuwa bahati. Aliinunua, ila si yeye aliyelipa.

Katika biashara tunajua kitu hicho. Kiwanda kinamwaga maji machafu mtoni, bei ya bidhaa inakuwa nafuu, na gharama inaenda kwa yule anayechota maji kule chini. Haiandikwi kwenye risiti. Ya ndege haiandikwi pia, lakini iko. Mzazi akiwa hewani anakupigia kelele, mayai yako juani. Jua letu la saa sita mchana, hapa karibu na ikweta, si jua la mchezo. Kazi kubwa ya mzazi saa hizo mara nyingi si kuyapa mayai joto bali kuyakinga na joto, na baadhi ya ndege hawa huenda kulowesha manyoya ya tumbo majini ili warudi kuyapoza. Halafu kuna wanaongoja. Shakwe anangoja. Marabu, wale wakubwa wenye upara mnaowaona juu ya miti karibu na Uwanja wa Nyayo, wanangoja. Wao hawahitaji dakika nyingi. Kundi la mwari likishtuliwa visiwani na kuinuka, viota vinabaki wazi kwa mkupuo mmoja, na ndege hawa wanaweza kukihama kituo chote wakisumbuliwa mno.

Na usiniambie ni mtu mmoja tu na ni mara moja tu. Mwendesha boti wa Naivasha anapeleka watu asubuhi, anapeleka wengine saa nne, anapeleka wengine jioni, na kuna boti nyingi. Kila kundi linasema "sogea kidogo tu". Yeye simlaumu haraka. Ana mafuta ya kununua, ana watoto wake nyumbani, na anajua mteja akikasirika hatoi kitu cha juu. Umbali kati ya boti na kiota hauamuliwi na nahodha. Unaamuliwa na mteja, kwa sababu mteja ndiye anayenunua ukaribu. Ukimwambia kabla ya kulipa kwamba hutaki kusogea, amefurahi, mafuta yamebaki.

Kuna sheria moja ndogo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 6 na wa 7, ambayo wahubiri huwa tunairuka tukielekea kwenye mambo makubwa. Inahusu mtu aliyekuta kiota njiani, mtini au chini, mama amekalia makinda au mayai. Sheria haimkatazi kuchukua makinda. Inamkataza kumchukua mama pamoja nao. Mama aachwe aende. Na inaahidi heri na siku nyingi kwa anayeitii, ahadi inayokaribiana kabisa na ile ya kuwaheshimu baba na mama. Kwa jambo dogo namna hiyo!

Nimejiuliza sana kwa nini. Wengine husema ni busara ya uchumi: mwache mama atage tena, usile mtaji. Ni kweli, na mwanabiashara ndani yangu anaitikia amina. Lakini nadhani kuna kitu cha ndani zaidi. Ndege mzima, mwenye mabawa, si rahisi kumshika kwa mkono. Kwa nini huyu anashikika? Kwa sababu ana watoto chini yake na hataki kuondoka. Yaani kile kinachomfanya awe mama ndicho kinachomfanya awe mawindo rahisi. Sheria inamwambia msafiri mwenye njaa: hicho usikitumie. Kula ulichokuta, lakini usiufanye upendo wa mama kuwa mtego wa kumnasia mama mwenyewe.

Mkiielewa hiyo, hamtaiona kwa ndege peke yake. Chuoni tulifundishwa kwamba ziko bidhaa ambazo bei ikipanda, mnunuzi hapunguzi kununua. Mwalimu alitoa mfano wa chumvi. Angeweza kutoa mfano wa dawa ya homa saa nane usiku, mtoto akiwa mgongoni. Mwenye duka anajua huyu mama hataondoka. Hatasema "nitarudi kesho bei ikishuka". Ana mabawa, lakini hawezi kuruka. Kila anayepandisha bei hapo, awe wa dawa, awe wa usafiri wa usiku, awe wa kukopesha pesa kwa simu, anamshika ndege juu ya makinda yake. Na sisi wahudumu tusijitoe. Mhubiri anayemwambia mama wa mtoto mgonjwa kwamba sadaka kubwa ndiyo itakayofungua uponyaji anajua vizuri kwa nini mama huyo ataitoa. Sadaka ya shukrani ni neno lingine kabisa. Hii ninayosema ni ile inayoombwa mtoto akiwa kitandani, kwa sababu mtoto yuko kitandani.

Hata kamera yenyewe tunayo. Siku ya kugawa unga, tunapiga picha. Mama anapokea mfuko, mtoto yuko kando, na ukiangalia picha utaona mara nyingi amemvuta mtoto nyuma ya leso. Yule naye anafungua bawa. Hatasema "msinipige picha", kwa sababu unga uko mikononi mwetu na watoto wanangoja kula. Kukubali kwa mtu asiyeweza kuondoka ni kukubali kwa namna gani? Ningependa baraza la wazee na kikundi cha habari tulijadili hilo kabla ya mgao ujao, wala sioni ugumu wa kupiga picha za magunia peke yake. Wafadhili wanajua kuhesabu magunia.

Najua pingamizi linalokuja, na ni zuri. Kwamba bila picha watu hawatajali. Mtu halindi asichokiona. Nakubali, na historia ya nchi hii inakubali. Mwaka 1954 ofisa mmoja wa kilimo hapa Kenya, Leslie Brown, alikuwa amewaona heroe kwa ndege ya angani wakizaliana katikati ya Ziwa Natron, upande wa Tanzania, na akataka kuwafikia kwa miguu. Natron ndipo wanapozaliwa wengi zaidi wa heroe wadogo wa dunia, na wanapachagua kwa sababu hakuna kiumbe mwenye akili anayeingia pale. Matope ya magadi, joto, na maji yanayounguza ngozi. Brown aliingia, akakwama, miguu ikaungua, ikabidi alazwe hospitali. Hakuwafikia. Ziwa lilikuwa limewawekea heroe mlinzi.

Lakini sikia lililofuata. Mwaka 1962, baada ya mafuriko kuharibu mahali pao Natron, heroe walikuja kutaga Magadi, upande wetu. Huko makinda yalianza kupata pete za magadi miguuni. Chumvi iligandamana mpaka ikawa mzigo, kinda hawezi kutembea kulifuata kundi, anakufa. Watu waliingia ziwani, wakayashika makinda kwa mikono na kuzivunja zile pete, na kuyafukuza mengine kuelekea maji mazuri zaidi. Maelfu ya makinda yalipona. Je, hao hawakuwatisha ndege? Waliwatisha sana! Walisogea kuliko mpiga picha yeyote. Kwa hiyo sijasema ukaribu ni dhambi. Nauliza tu ukaribu huo ni kwa faida ya nani. Wale waliosogea Magadi walilipa wenyewe, kwa ngozi ya miguu yao na jasho lao, na aliyepokea faida alikuwa kinda. Kwenye picha ya bawa mambo yamegeuzwa, kinda analipa, mimi napokea mioyo.

Na pia si kweli kwamba picha haipatikani bila kutisha. Ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, walitoa mwaka 1895 kitabu cha viota vya ndege chenye picha za kamera, katika siku ambazo kamera ilikuwa kama sanduku la nguo. Baadaye walitengeneza ng'ombe wa bandia, ngozi ya kweli nje, ndani wazi, na mpiga picha akasimama tumboni akichungulia. Mnaweza kucheka, hata mimi nimecheka. Lakini fikirini heshima iliyomo: aliyetaka kitu ndiye aliyeteseka kwa joto la ngozi ya ng'ombe, ndege akaendelea na shughuli zake. Uingereza hiyo hiyo, tangu sheria yao ya mwaka 1981, kumsumbua kwenye kiota ndege aliye katika orodha maalum bila kibali ni kosa la jinai, na kamera si kisingizio.

Tatizo la picha ya mbali ni kwamba haisisimui. Ndege amekaa. Saa moja baadaye bado amekaa. Ukiituma kwenye kikundi hakuna atakayeandika kitu. Lakini huko kukaa ndiko kazi yenyewe. Lile pigano la mabawa ni dakika chache katika wiki nzima, na pengine lisingekuwepo kama tusingefika. Tumezoea kuuamini upendo unaopiga kelele. Kuna baba humu kanisani ambaye hajawahi kusimama kutoa ushuhuda wa ndoa, na maji ya kuoga ya watoto wake huwa moto kila alfajiri kabla hawajaamka. Yeye atapigwa picha lini?

Nikisema baba, nimekumbuka ndege ninayempenda kuliko wote hawa. Anaitwa jakana. Mnamwona Naivasha na kwenye ghuba za Ziwa Victoria, rangi ya kahawia iliyokolea, shingo nyeupe mbele, na kipaji cha buluu. Ana vidole virefu mno, hivyo anatembea juu ya majani ya yungiyungi na gugu maji bila kuzama. Kwao jike ni mkubwa kuliko dume na ana madume kadhaa. Anamtagia dume mayai, kwa kawaida 4, kisha anakwenda kulinda mipaka. Kuanzia hapo baba ndiye mama. Ndiye anayeatamia zaidi ya wiki 3, akiyabana mayai kati ya bawa na kifua ili yasiguse unyevu wa kiota. Makinda yakitoka anatembea nayo. Hatari ikija anaita, yanakimbilia kwake, anachuchumaa, yanaingia chini ya mabawa, anainuka na kuondoka nayo. Ukimwona kwa mbali saa hiyo utadhani macho yako yana kasoro, kwa sababu ndege mmoja ana miguu mingi: miwili inatembea, mingine imening'inia ubavuni kama kamba za viatu. Injini ya boti ikiwa imezimwa, na mkiwa mmekaa kimya kando ya mafunjo, baada ya muda atainama kidogo, na miguu mmoja mmoja itashuka kwenye jani na kuanza kutafuta wadudu.

Ziara ya vijana na wanaume kwenda Naivasha ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, tunaondoka hapa kanisani saa kumi na mbili asubuhi. Nahodha nimekwisha kuongea naye kuhusu umbali, naye akashangaa kwanza, kisha akasema kuna mahali penye mafunjo ambapo huwa hapeleki wageni kwa sababu hawana subira. Darubini za kanisa ni 2 tu, ziko kwa katibu, tutapokezana. Aliye na ya nyumbani aje nayo, na kofia.